Gome, Maji na Mbao: Historia ya Nyanda za Juu Kusini Ndani ya Shina

Historia ya Nyanda za Juu Kusini huandikwa kwa majina ya watu na tarehe za vita: Mkwawa na ushindi wa Lugalo mwaka 1891, kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, boma la Wajerumani Iringa, wamisionari wa Rungwe, kisha Waingereza, kisha vijiji vya ujamaa. Sina ugomvi na mpangilio huo. Hata hivyo, ukifuatilia jinsi watu wa Iringa na Mbeya walivyopata kinywaji, kamba, mizinga, nyumba, fedha na hata umeme, utaona kwamba karibu kila safari njia imepita kwenye shina la mmea, na mara nyingi kwenye tabaka moja tu la shina hilo. Ninachodai ni kwamba tabaka lililotafutwa liliamua, kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyokubali, nani angeweza kuishika kazi: kaya, au kampuni, au serikali. Mtawala aliweza kumpa amtakaye ardhi. Mpangilio wa mirija ndani ya mti hakuweza kuugusa, na mipango yake yote ilibidi ipitie humo.

Ushahidi wa kale zaidi uko kwenye misitu ya miombo, Chunya kwa upande wa Mbeya na kwenye tambarare za chini za Iringa. Ukikata myombo kwa upande, kutoka nje kwenda ndani utapita kwanza gamba kavu la seli zilizokufa, halafu floemu, tishu inayosafirisha sukari kutoka majanini kwenda kwingineko mtini. Baada ya hapo iko kambiamu, utando mwembamba mno wa seli zinazogawanyika, zikizaa floemu upande wa nje na zailemu upande wa ndani. Zailemu ndiyo tunayoiita mbao, na kazi yake mtini ni kupandisha maji kutoka mizizini na kuubeba uzito wa mti. Gome la myombo lina nyuzi ndefu na imara, ndiyo maana hutoa kamba za kufungia fito za nyumba na mizigo. Warina asali walilichuna kwa mzunguko mzima, wakalishona likawa mzinga. Vipande vingine vikawa vilindo vya kuhifadhia vitu vya nyumbani. Walijua kwamba kazi hiyo hufanywa mvua zinaponyesha, kwa kuwa wakati wa kiangazi gome hung’ang’ania. Sababu iko kwenye kambiamu: mvua zikija huanza kugawanyika kwa kasi, seli zake mpya huwa na kuta laini, na gome huachia hapo hapo. Walijua pia kwamba mti uliochunwa duara zima hufa, ila haufi siku ileile, kwani majani yake huweza kubaki ya kijani kwa muda mrefu. Huko Bologna, Marcello Malpighi alichunguza jambo hilohilo kwa kuondoa pete ya gome, akaona sehemu iliyo juu ya jeraha inavimba. Kitabu chake cha anatomia ya mimea kilianza kuchapishwa London mwaka 1675. Maelezo ya leo yanawapa haki wote wawili, mrina asali na daktari wa Bologna: maji yanaendelea kupanda kwenye zailemu ambayo haikuguswa, lakini sukari haishuki tena, na mizizi inakufa kwa njaa.

Maafisa misitu wamelalamika mara nyingi kuhusu mizinga ya magome, na hawakukosea, kwani mzinga mmoja ni mti mmoja uliokufa. Lakini lawama hiyo haielezi kwa nini kazi hiyo haikumilikiwa na mtu mmoja mkubwa. Myombo hunenepa polepole, na mti wenye gome linalofaa, lililonyooka bila matawi, haupatikani kila hatua kumi. Mrina asali alilazimika kutembea, kuchagua mti huku na mwingine kule, na kuutundika mzinga mahali palipo mbali na wenzake. Tabaka linalotawanyika porini kwa namna hiyo haliwekewi ua.

Mambo hubadilika ukipanda kwenye vilima vya Iringa, Mufindi, Kilolo na Njombe (Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012), kwa kuwa huko kuna mlanzi. Ni aina ya mwanzi ambao wataalamu waliuita Oxytenanthera braunii, na wengi wao sasa wanauona kuwa ni spishi moja na Oxytenanthera abyssinica, ule ulioenea sehemu kubwa ya Afrika. Mlanzi uko kwenye kundi la monokotiledoni, pamoja na mahindi, migomba na minazi, na shina la kundi hili limejengwa kwa namna nyingine kabisa. Halina kambiamu ya kulinenepesha. Mirija yake haikupangwa kwa duara. Imefungwa kwenye vifungu vidogo vilivyotawanyika ndani ya shina, kila kimoja na zailemu yake na floemu yake. Matokeo yake ni kwamba chipukizi la mlanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote. Hata likiishi miaka mingi halitaongezeka kiuno. Litarefuka tu, tena kwa kasi ya kushangaza, kwa chakula kilichohifadhiwa kwenye mashina ya chini ya ardhi na kwenye milanzi wazee wa kichaka hichohicho.

Ulanzi ni chakula hicho kilichokatiwa njia. Kati ya Desemba na Aprili au Mei, chipukizi linapokuwa bado changa, mgema hulikata ncha, hutundika mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia, kisha hurudi asubuhi na jioni kukwangua upya. Asipokwangua, mirija hujiziba na maji hukoma. Maji hayo yakiwa mapya ni matamu, huitwa mtogwa, lakini hamira ya asili huingia papo hapo, na muda si mrefu kinachobaki ni mkangafu unaopanda kichwani. Sasa tazama masharti yaliyomo humu. Bidhaa haingoji, maana saa chache tu zinaibadilisha. Kila chipukizi linamtaka mtu anayeishi jirani nalo, mara mbili kwa siku, kwa wiki nyingi. Na kila chipukizi linalogemwa ni mlanzi ambao hautakuwapo mwakani, kwa hiyo mwenye kichaka lazima aache machipukizi kadhaa yakue, uamuzi ambao kibarua wa mshahara hana sababu ya kuujali. Kwa masharti kama hayo kampuni haina pa kuingilia. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuzidhibiti pombe za kienyeji kwa leseni na vilabu, na ilichoweza kukishika ni mahali pa kunywea. Mahali pa kugemea palibaki nyuma ya nyumba za watu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichunguza jinsi ulanzi unavyochachuka. Hata hivyo kinywaji chenyewe kimeendelea kuuzwa kwa ndoo na madumu, kwa msimu wake, na waliokigema.

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema muwa nao ni monokotiledoni, hauna kambiamu, mirija yake imetawanyika vilevile, na bado chini ya milima ya Udzungwa, bonde la Kilombero, muwa umebeba kampuni kubwa ya sukari tangu mapema miaka ya 1960. Je, anatomia ileile haikuzaa historia nyingine? Pingamizi hilo ni zuri, na ndilo linalolinyoosha dai langu. Sukari ya ulanzi inakamatwa ikiwa safarini ndani ya shina changa, wakati sukari ya muwa imeshafika na kutulia, imejazwa kwenye seli kubwa laini zinazozunguka vifungu vya mirija, na inakaa humo hadi shina likomae. Muwa uliokomaa unaweza kukatwa, kupakiwa na kukamuliwa kwa vyuma. Lakini ukishakatwa sukari yake huanza kuharibika upesi, hivyo kinu lazima kisimame katikati ya mashamba, na kinu ni mtaji. Tabaka la muwa linaita kampuni kwa nguvu ileile ambayo tabaka la mlanzi linaifukuza. Kwa hiyo sidai kwamba jamii ya mmea ndiyo inayoamua. Swali ni kitu kinachotakiwa kiko katika seli zipi, na kiko humo katika hali gani.

Huko Rungwe nitapita haraka, ingawa wasafiri wa zamani wangenilaumu. Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivutiwa sana na migomba na nyumba za Wanyakyusa, na Wamoraviani walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 walikuta nchi hiyohiyo ya migomba na mianzi. Kile kinachosimama kwenye mgomba na kuitwa shina ni sehemu za chini za majani zilizokunjana, moja ndani ya nyingine. Shina la kweli ni tunguu lililo chini ya udongo, na hutuma mhimili mmoja mwembamba upite katikati ya majani hayo hadi juu, uzae mkungu mara moja, basi. Ukikata mgomba hujaua chochote cha maana, maana tunguu linatoa mwingine pembeni. Mianzi iliyojenga nyumba za Wanyakyusa nayo huota upya kutoka chini. Kaya iliyokuwa na migomba mlangoni na mianzi bondeni ilivuna shina mwaka baada ya mwaka bila kupanda upya na bila kumngoja mtu, na sioni ajabu kwamba wageni wa karne ya 19 waliona shibe mahali ambapo hapakuwa na maghala makubwa.

Kampuni ilipokuja, ilifuata gome. Mwaka 1948 Bunge la Uingereza liliunda Shirika la Maendeleo la Makoloni, na mwaka 1949 shirika hilo likaanzisha kampuni ya miwati ya Tanganyika huko Njombe, ile inayojulikana hadi leo kwa jina la TANWAT. Mwati ni mti wa Australia, Acacia mearnsii, uliokuwa umeshazoeleka Natal, Afrika Kusini, na thamani yake iko kwenye gome: karibu theluthi moja ya uzito wa gome kavu ni tanini, kemikali chungu inayoshikamana na protini za ngozi na kuifanya isioze. Ilikuwa miaka ileile ambayo serikali hiyohiyo ya London ilikuwa ikipoteza mamilioni kwenye mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea. Karanga zilishindwa na udongo na mvua. Miwati ilifaulu, na wanahistoria wa uchumi hutaja usimamizi bora na mvua za kutosha za Njombe. Nakubali yote mawili, ila naongeza la tatu. Tanini iliyo kwenye gome haina haraka. Ukishachuna gome wakati wa mvua, kambiamu inapokuwa laini, unaweza kulikausha, kulipeleka kiwandani, kuchemsha kiini chake na kukisafirisha kwa meli miezi baadaye bila kupoteza thamani. Kati ya mti na soko la Ulaya kuna nafasi ya kutosha kuweka karani, mizani, bohari na mwenyehisa. Ulanzi haukuwa na nafasi hiyo hata ya siku moja, ingawa unatoka kwenye vilima vilevile na mvua zilezile.

Kinachothibitisha zaidi ni yaliyotokea soko lilipogeuka. Viwanda vya ngozi vilizidi kutumia chumvi za kromiamu, soli za viatu zikawa za raba na plastiki, na haja ya tanini ya miti ikapungua. Mwati ulibaki uleule, lakini watu wakahamia tabaka jingine, wakaliacha gome na kuifuata mbao. Na mbao ya mwati, ambayo ni nzito na huwaka vizuri, ina milango ya kuingilia ambayo gome halikuwa nayo. Wakulima wa Njombe walikuwa wakiupanda mashambani mwao, wakachoma mkaa, wakarudisha shamba kwenye mahindi au viazi, kwa kuwa tanuri la mkaa la udongo halihitaji mwenyehisa. Kampuni nayo iligeukia mikaratusi na paini, na katika miaka ya 1990 ikajenga mtambo wa kuzalisha umeme wa megawati 2.5 kwa kuchoma kuni. Shina moja lilikuwa na wamiliki wa namna mbili kwa wakati mmoja. Anayetaka kuniambia kwamba hilo linavunja dai langu atazame kwamba mwenye mali alianza kubadilika pale tu tabaka lilipobadilika.

Hatua inayofuata inanilazimisha kutoka nje ya mimea ya maua, na ninafanya hivyo kwa makusudi, maana tofauti ndiyo inayoonyesha maana ya kitu. Paini ya Sao Hill, Mufindi, hasa Pinus patula kutoka Mexico, haina maua. Mbao yake haina mirija mipana ile iliyomo kwenye mkaratusi au mwati. Maji yake hupanda kupitia seli nyembamba ndefu, trakeidi, ambazo urefu wake ni milimita 3 hivi, wakati nyuzi za mkaratusi hazifiki au hazizidi sana milimita 1. Karatasi ya mifuko ya saruji inapata ukakamavu wake kutoka kwenye nyuzi ndefu zinazoshikana. Ndiyo maana Tanzania huru, ilipotaka kujitosheleza kwa karatasi, ilielekeza macho kwenye mmea usio na maua. Upandaji mkubwa wa miaka ya 1970 ulisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, na mwaka 1985 kiwanda cha Mgololo, mali ya umma, kikaanza uzalishaji. Kutoa nyuzi kwenye mbao ni kazi ya joto, kemikali na maji mengi, kwa sababu nyuzi hizo zimegandishwa kwa lignini, kama matofali yaliyojengwa kwa saruji isiyokubali kuachia. Hakuna kaya inayoweza kufanya hivyo, na mahesabu ya miaka iliyofuata yalionyesha kwamba hata serikali iliumia. Kiwanda kilisimama, kikabinafsishwa, na leo kinaendeshwa na kampuni binafsi. Wanaoamini kwamba siasa ndiyo iliyotawala kila kitu wana hoja ya nguvu hapa: kilichokiangusha kiwanda kile kilikuwa madeni, uendeshaji na bei, na trakeidi hazikuwa na kosa. Nawakubalia. Anatomia inasema nani anaweza kuingia mlangoni, haisemi atafaidika.

Pingamizi zito zaidi, hata hivyo, limeletwa na miaka ya karibuni, na ni lile la ding-dong. Ndilo jina ambalo watu wameupa ule mtambo mdogo wa kupasulia mbao kwa msumeno wa duara, unaohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Ulipoenea Mufindi, Kilolo na Njombe, na bei ya mbao ilipopanda Dar es Salaam, wakulima na hata watumishi wa mijini walipanda paini kwenye ardhi zao kwa wingi. Mti uleule uliokuwa wa serikali na kiwanda ukawa wa kaya, bila tabaka kubadilika, kwani mbao ni zailemu leo kama ilivyokuwa mwaka 1985. Kwa hiyo, atasema mpinzani, teknolojia ndogo na bei nzuri vilitosha, na hadithi ya matabaka ni mapambo.

Ningekubali kama mbao hizo zingekuwa mbao zilezile. Sao Hill iliweka hesabu ya kukata paini ya mbao ikiwa na umri wa miaka 25 hivi. Mashamba mengi ya watu binafsi hukatwa yakiwa na miaka 8 au 10, mengine kidogo zaidi. Kambiamu ya paini changa haitengenezi mbao sawa na ya paini iliyokomaa. Pete za kwanza, zile zilizo karibu na kiini, zina trakeidi fupi, zenye kuta nyembamba ambazo nyuzi zake ndogo zimelala mshazari badala ya kusimama wima. Ubao wa aina hiyo ukikauka husinyaa hata kwa urefu, hupinda, na huwa dhaifu. Mti wa miaka 8 ni karibu wote wa mbao za namna hiyo. Mnunuzi wa mjini hajui jina la trakeidi, ila anaona mkono wa paa unavyojipinda, na huilipa mbao hiyo kidogo. Kaya iliingia mlangoni, ni kweli, ila shina lilikata ushuru wake kwa kila ubao. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Finland, umewafundisha wakulima mbegu bora, nafasi za kupandia, kupunguza miti na kusubiri. Mambo matatu ya kwanza yako ndani ya uwezo wa mkulima. La nne lina bei. Mbao bora ya paini iko kwenye mduara wa nje, ule ambao kambiamu huujenga baada ya miaka kumi na kitu ya kwanza kupita, na mwenye shamba ambaye Januari imemkuta na ada ya shule humuuzia mwenye ding-dong mti ambao mduara huo haujaanza kujengwa.